Mbwa wa Theopista Ana Tiketi Yake

Saa tano kasorobo asubuhi, basi la Mpanda kwenda Inyonga linapunguza mwendo mahali ambapo hakuna nyumba, hakuna duka, hakuna hata njia panda. Ni miti tu, kulia na kushoto, na vumbi jekundu ambalo basi lenyewe limelitimua.

Abiria wanaosafiri njia hii kwa mara ya kwanza wanatazamana. Mmoja anauliza kama gari limeharibika.

"Halijaharibika," anajibu konda, Abednego, huku akifungua mlango wa nyuma. "Kuna watu wanashuka. Mama Specioza na mwenzake."

Anayetangulia kushuka ni huyo mwenzake. Ni mbwa wa rangi ya majani makavu, sikio moja limechanika. Shingoni amefungwa mpira mrefu wa tyubu ya baiskeli na mdomo umefungwa kwa kitambaa. Anaruka chini, anasimama ukingoni mwa barabara, anasubiri.

Nyuma yake anashuka mwanamke mwembamba aliyejifunga kitenge juu ya suruali ya kaki. Ana shoka, furushi la unga, na ndoo nne za plastiki zilizopachikwa moja ndani ya nyingine. Anainama, anamfungua mbwa ule mpira na kile kitambaa. Kitambaa anakitia mfukoni, mpira anamrudishia konda, naye anauning'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Ijumaa ijayo?" anauliza Abednego.

"Ijumaa ijayo. Usinipite."

"Nitakupitaje, Mama? Huyo mbwa ana sauti kuliko honi yangu."

Basi linaondoka. Vumbi linapotulia, mwanamke na mbwa wake wameshaingia msituni.

Jina lake ni Theopista Antoni. Ana miaka arobaini na mmoja, ni mkazi wa Kashaulili mjini Mpanda, na kazi yake ni kurina asali. Ana mizinga sitini na minne iliyotundikwa kwenye miti, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka hapo basi liliposimama. Mara tatu kila msimu huingia dago, yaani kambi ya warina asali porini, akakaa siku nane au tisa, akatoka na asali.

Huenda peke yake. Peke yake na mbwa, kwa usahihi zaidi. Na kwa muda wa mwaka mzima, jambo hilo la kwenda na mbwa nusura limtoe kwenye kazi hii.

Mizinga haikuwa yake hapo mwanzo. Ilikuwa ya mumewe, Enoka, ambaye alirithi sehemu kwa baba yake na nyingine akachonga mwenyewe. Mwaka 1991 Enoka alianguka kutoka kwenye mninga, akavunjika paja. Mfupa uliunga vibaya. Leo anatembea kwa gongo, na kazi yake ni kuchonga mizinga mipya uani kwake, ameketi juu ya kigoda, mguu mmoja umenyooka mbele kama mpini.

"Haukuwa mninga mrefu," anasema Enoka. "Mrefu usingeniacha nikaja kuusema vibaya."

Theopista aliposema atapanda yeye, mtaa mzima ulikuwa na neno. Yeye ni Mkonongo, na kwao wapo wazee wanaoamini kwamba mwanamke akipanda mti wenye mzinga, nyuki huhama.

"Nikapanda," anasema Theopista. "Nyuki hawakuhama. Waliohama ni wale walionisema. Wako Sitalike sasa, na asali wananunua kwangu."

Ndiyo maana mtoto wa mbwa aliyezaliwa nyumbani mwaka huo Enoka alimpa jina la Mtasema. Ni desturi ya watu wengi wa huku kumpa mbwa jina lenye ujumbe kwa jirani. Kila jioni Enoka alikuwa akisimama mlangoni na gongo lake, akimwita mbwa kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kwa mtu asiyeijua kazi hii, mbwa porini ni wa kufukuza wanyama wakali. Hilo lipo. Theopista anasema Mtasema amewahi kumsimamisha njiani mara nyingi, manyoya ya mgongo yamesimama, na baada ya muda tembo wakapita mbele yao kimya kimya. Lakini kazi kubwa ya mbwa wake iko chini ya mti.

Mrinaji akiwa juu, hufukiza moshi kwa kienge cha nyasi kavu, hufungua mzinga, hukata masega na kuyatia ndooni. Ndoo ikijaa, huishusha chini kwa kamba. Wanaume huenda wawili au watatu: mmoja juu, mwingine chini anapokea. Theopista hana wa kupokea. Ndoo ikifika chini inakaa peke yake, na nyegere, mwizi wa asali, anajua.

"Nyegere anaisikia harufu kabla hata wewe hujamaliza kukata," anasema. "Mtasema akiwa chini, hasogei. Akiwa hayupo, ni karamu."

Miaka ya mwanzo usafiri haukuwa tatizo. Theopista alipanda malori yaliyokwenda Inyonga kuchukua tumbaku. Watu walikaa juu, mizigo ikakaa juu, mbwa naye akakaa juu. Hakuna aliyeuliza. Lakini malori yalipozuiwa kubeba abiria, basi likaanza kwenda Inyonga kila Jumatatu na Alhamisi na kurudi siku inayofuata. Basi lilikuwa na viti, lilikuwa na madirisha yanayofunguka, na lilikuwa na Abednego mlangoni.

"Mbwa hapandi," alisema Abednego siku ya kwanza, Juni 1996.

"Nitamlipia."

"Hata ukimlipia kama waziri, Mama. Hapandi. Hili ni basi la watu."

Theopista alimrudisha Mtasema nyumbani, akaenda peke yake kwa basi lililofuata. Safari hiyo anaisimulia mpaka leo, na kila anapoisimulia Enoka huinamisha kichwa ili asionekane anacheka.

"Niko juu ya mti wa mtundu. Mkono mmoja nimeshika tawi, mwingine kienge. Nimeshusha ndoo ya kwanza, nakata ya pili. Nikatazama chini. Namwona nyegere anakuja, hana haraka, kama mtu aliyealikwa. Akasukuma ndoo, ikalala. Nikamtukana kwa Kikonongo matusi yote ninayoyajua. Yakaisha. Nikahamia Kiswahili. Hakuinua hata kichwa."

Alijaribu kumtupia kienge. Kikazima njiani. Nyuki, kwa kukosa moshi, wakamgeukia yeye.

Msimu wa kawaida humpa Theopista ndoo kumi hadi kumi na mbili, kwa safari tatu. Ndoo moja ya lita ishirini huuzwa shilingi elfu tisa kwa wanunuzi wanaoipeleka Tabora kwa treni. Msimu ule wa 1996 alipata ndoo tatu tu. Angeweza kukodi mwanamume wa kukaa chini ya mti, lakini ujira wake ni ndoo moja katika kila tatu, na aliyekubali kwenda alitaka yeye ndiye aitwe mwenye safari.

"Nikaona ni moja kati ya mawili," anasema. "Mbwa apande basi, au niuze mizinga ya baba mkwe."

Mwenye basi ni Makarius, mzee mnene, mpole, anayependa kuketi kwenye benchi nje ya yadi yake akihesabu magunia yanayopakiwa. Theopista alimwendea Aprili 1997, msimu ukikaribia. Mazungumzo yao yalisikiwa na watu wengi, na bado hurudiwa stendi.

"Mama, lile ni basi la watu," alisema Makarius.

"Mbona kuku wanapanda?"

"Kuku analiwa."

"Na mbuzi wa juzi, aliyekaa karibu na mlango?"

"Mbuzi naye analiwa."

"Basi shida ya mbwa wangu ni kwamba haliwi," alisema Theopista. "Mzee, huyu haendi kuliwa, anakwenda kazini. Kama wewe na mimi."

Makarius alicheka mpaka akashika tumbo. Lakini hakukubali papo hapo. Alimwita Nyamizi, mwanamke mfanyabiashara wa dagaa na migebuka wa Karema, ambaye alikuwa akipanda basi hilo kila wiki tangu lilipoanza. Makarius alijua kwamba Nyamizi akihama, nusu ya mizigo ya basi itahama naye.

Nyamizi hakuficha. "Mimi ni mtu wa kuswali, Mzee. Mate ya mbwa yakinigusa nguo, nina kazi ya kufua mara saba, na moja kwa mchanga. Nikishuka Inyonga nitafua wapi, nitauza saa ngapi?"

"Kwa hiyo unakataa," alisema Makarius.

"Sijakataa. Nasema mate. Mfungeni mdomo, mfungeni kamba, akae mlango wa nyuma juu ya gunia lake. Apande wa mwisho, ashuke wa kwanza. Mimi nitakaa mbele. Sina ugomvi na mbwa, nina ugomvi na kufua."

Hayo yakawa masharti. Makarius aliongeza moja lake, akimwonyesha Theopista kidole: nauli ya mbwa ni sawa na ya gunia, na anampa msimu mmoja tu wa kujaribu. Lalamiko la kwanza litakuwa safari ya mwisho.

Theopista alirudi nyumbani na furaha, akakuta kwamba sharti gumu kuliko yote ni kamba.

Mbwa wa dago hafungwi. Huzaliwa huru, hutembea huru. Katika kijiji cha warina asali mbwa akionekana na kamba shingoni, kila mtu anajua kinachofuata: ana kichaa, au amekula mayai mara nyingi mno, na anapelekwa asikorudi. Mtasema alikuwa amewaona wenzake wawili wakiondoka hivyo.

"Nilinunua kamba ya katani dukani, nzuri, mpya," anasema Theopista. "Nikamvisha. Akalala chini. Akafumba macho. Nikivuta, anakuja kama gunia. Wiki nzima. Majirani wanauliza, 'Mama Specioza, mbwa kakosa nini?' Na yeye ananitazama kwa lile jicho, kama anasema hata wewe?"

Aliyepata dawa ni Enoka. Aliingia ndani akatoka na kamba ya zamani ya gome la mtundu, ile ile ya kushushia ndoo, laini kwa kutumika miaka mingi. Akaitupa chini. Mtasema akainusa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ilikuwa kamba ya kazini. Walipomvisha, alisimama, akajikung'uta, akaelekea mlangoni kana kwamba safari imeiva.

Theopista hakuwa na kamba nyingine ya gome, na hakuona sababu ya kusuka ya pili. Kamba moja ingemfunga mbwa ndani ya basi, na hiyo hiyo ingeshusha ndoo porini.

Safari ya kwanza ya Mei ilikwenda vizuri. Ya pili, mwezi Juni, ilikwenda vizuri zaidi. Mtasema alilala juu ya gunia lake kutoka Mpanda hadi porini, na kurudi. Abednego alianza kumkatia tiketi kabisa, akaandika kwenye karatasi "Mbwa 1", akampa Theopista kwa heshima kama abiria yeyote.

Kisha ikaja Ijumaa ya mwisho wa Julai.

Theopista alikuwa amemaliza msimu. Ndoo nne zilikuwa juu ya keria, vifuniko ameviziba kwa nta ili harufu isitoke, maana mwezi ule maua yamekwisha msituni na nyuki wana njaa. Mrinaji yeyote anajua kwamba asali wazi wakati wa njaa ni kuita vita. Aliangalia kila kifuniko mara mbili. Alifua suruali yake mtoni. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kwa majivu.

Kamba hakuiangalia. Ilikuwa imeshusha ndoo tisa msimu ule, imelowa asali nyuzi kwa nyuzi, na sasa ilikuwa shingoni mwa mbwa.

Basi likitembea, hakuna lililotokea. Mnamo saa saba mchana, kilomita zaidi ya sabini kabla ya Mpanda, tairi la nyuma lilipata pancha. Abiria wakashuka kuchimba dawa na kunyoosha miguu. Ndani walibaki wachache, akiwemo Nyamizi aliyekuwa amesinzia kiti cha mbele, mkononi ameshika tenga lake la karanga alizonunua Inyonga.

"Kwanza nikawaona nyuki wawili wamepita dirishani," anasimulia Theopista. "Nyuki wawili si kitu. Wakatoka, wakaondoka. Nikaenda zangu kichakani. Sikufikiri kwamba wameondoka kwenda kuwaambia wenzao."

Alikuwa bado kichakani aliposikia kelele. Alipotoka, watu walikuwa wanaruka kutoka ndani ya basi kwa milango na madirisha. Abednego, aliyeingia mbio kufunga vioo, alitoka mbio zaidi akiwa ameshika mdomo. Nyamizi alikuwa amesimama barabarani, ushungi umemwangukia mabegani, anajipiga mkononi na kuuliza kwa sauti ni nani ameleta balaa hili.

Mtu mmoja alipaza sauti: "Mbwa! Wamekuja na mbwa!"

Theopista alijifunga kitenge kichwani akaingia. Anasema alichokiona hatakisahau. Nyuki walikuwa wameifunika ile kamba kuanzia mguu wa kiti ilipofungwa hadi shingoni mwa Mtasema, wamepangana kama shanga. Mbwa alikuwa amelala kifudifudi, pua ameichomeka chini ya gunia, hatingishiki.

"Ndivyo nilivyomfundisha porini. Nyuki wakija, lala, usikimbie. Watu wote wazima walikimbia, yeye akafuata mafunzo."

Aliifungua kamba kwenye kiti, akaivua taratibu shingoni, akatoka nayo akikimbia kuelekea msituni, wingu la nyuki likiwa nyuma yake. Aliitupa mbali. Alirudi uso umevimba upande mmoja. Ndani ya robo saa nyuki wote walikuwa wametoka, basi limebaki na mbwa tu, ambaye bado alikuwa amelala juu ya gunia kama alivyoambiwa.

Tairi likawa tayari. Watu walianza kupanda wakinung'unika. Saba walikuwa wameumwa. Abednego alisimama mlango wa nyuma, mdomo wa juu umevimba mpaka maneno yanatoka kwa shida.

"Hana kamba," alisema. "Sharti la Mzee ni kamba. Ashuke."

"Abednego, mwanangu, hapa ni porini."

"Ashuke, Mama. Wewe panda, yeye abaki. Au mbaki wote."

Theopista hakubishana. Alitazama juu kwenye keria. "Basi nishushieni ndoo zangu," alisema. "Tutatembea."

Kilomita sabini, ndoo nne, mwanamke mmoja. Hata waliokuwa wamevimba macho walijua hesabu hiyo haikubali.

Aliyepata njia ni Nyamizi. Aliweka tenga lake chini, akaufungua mpira wa tyubu uliokuwa umelizunguka, akaurusha kwa Theopista.

"Mfunge mbwa wako twende. Jua linakwenda. Na karanga zangu zikimwagika, utaziokota wewe, moja moja."

"Dada Nyamizi, nitakurudishia Mpanda..."

"Weee! Usinirudishie! Ukishamgusa huyo, si wangu tena."

Basi zima lilicheka, isipokuwa Abednego, ambaye mdomo haukumruhusu. Mtasema alivishwa tyubu. Theopista alikumbuka ile wiki ya katani. Mbwa aliinusa. Ilinuka dagaa. Akaona haina ubaya, akalala.

Njia nzima hadi Mpanda abiria walibishana. Mmoja alisema mbwa ni mbwa na porini ni kwake. Mwingine akasema aliyeleta nyuki ni asali, na asali yenyewe iko kwenye keria ya mwenye basi na imelipiwa. Theopista alikaa karibu na mlango. Anasema alikuwa anafikiria namna ya kumwambia Enoka kwamba wauze mizinga.

Waliposhuka yadini kwa Makarius, Abednego alianza mashtaka kabla injini haijazimwa. Makarius alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akawauliza abiria.

"Mbwa amemuuma nani?"

Abiria walitikisa vichwa.

"Amebweka?"

"Hapana," walisema wawili watatu.

"Amejisaidia ndani ya gari?"

"Hapana, Mzee."

"Sasa namfukuza kwa kosa gani?"

"Mzee, tazama mdomo wangu!" alilia Abednego.

"Nautazama. Umeumwa na nyuki. Na nyuki hawakukata tiketi." Makarius alimgeukia Theopista, na hapo sauti yake ilibadilika. "Lakini wewe, Mama, umekosea. Mtu wa asali miaka yote hii, unaingiza kamba ya asali kwenye gari la watu mwezi wa njaa?"

"Nimekosea, Mzee," alisema Theopista. "Macho yangu yote yalikuwa kwa mbwa. Niliogopa asije akakosa yeye. Nikasahau kwamba naweza kukosa mimi."

Hakungoja aambiwe la kufanya. Kwa warina asali wa kwao, mtu akiumwa na nyuki kwa uzembe wako haondoki mikono mitupu. Aliomba ndoo moja ishushwe, akatoboa nta, akatafuta kikombe. Wote saba walipata kikombe kimoja kimoja, wengine wakipokelea kwenye chupa, mmoja kwenye kofia ya plastiki. Nyamizi alipokea chake, akauliza kama walioumwa mara mbili wanapata viwili. Alipata viwili.

Makarius alilamba kidole, ingawa hakuumwa, akatoa uamuzi. Mbwa ataendelea kupanda. Lakini kuanzia siku ile kamba ni ya basi, si ya mwenye mbwa. Ule mpira wa tyubu ukatundikwa nyuma ya mlango, na hapo ndipo ulipo hadi leo.

Miaka miwili imepita. Uamuzi uliofanywa kwa ajili ya mbwa mmoja umewafungulia wengine. Wafugaji wa Kisukuma wanaohamia huku na ng'ombe wao wamepata habari. Mwaka jana Kija, kijana mmoja aliyekuwa akihamia upande wa Inyonga, alisafiri na mbwa wawili waliofungwa pamoja kwa tyubu hiyo hiyo. Abednego anasema hadi sasa ameshakata tiketi za mbwa kumi na mmoja, bila kumhesabu Mtasema, ambaye "ni mfanyakazi mwenzangu."

Mdomo wake ulipona siku ya tatu. Hakuna kinyongo kati yake na Theopista, ila kila mwezi wa Julai humwomba aonyeshe viganja kabla ya kupanda, akavinusa kama askari wa ushuru. Theopista hunyoosha mikono. Anaona ni haki.

Msimu uliopita alipata ndoo kumi na mbili. Nyumba ya Kashaulili ina bati upande mmoja sasa, na binti yake Specioza, aliyeolewa kijiji cha Mamba, amepata mtoto wa pili. Enoka anachonga mizinga miwili kwa mwezi na analalamika kwamba mke wake anaitundika haraka kuliko yeye anavyochonga.

Kinachomsumbua Theopista ni umri wa mbwa. Mtasema ana miaka minane. Bado analinda ndoo, lakini mwaka huu kwa mara ya kwanza alichelewa kuamka dago, na jua lilipochomoza alinyoosha mguu wa nyuma mara tatu kabla ya kusimama.

"Mbwa wa porini akifika kumi, umebahatika," anasema. "Nisingoje mpaka siku hiyo."

Ndiyo maana wiki mbili baada ya basi kumshusha porini, asubuhi ya Alhamisi stendi ya Mpanda, Theopista yuko mlango wa nyuma wa basi na mbwa wawili. Mtasema ameshapanda, ameshalala juu ya gunia. Wa pili ni jike wa miezi mitatu, mwenye tumbo la maziwa na masikio makubwa kuliko kichwa. Yuko mikononi mwa Theopista, shingoni ana utepe mwembamba wa mpira, naye anautafuna.

Hajapewa jina bado. Enoka anangoja majirani waseme kitu.

Theopista ana mpango. Anataka jike huyu akulie ndani ya basi, aijue kamba tangu utotoni kama kitu cha kwendea kazini, asije akalala chini na kufumba macho kama Mtasema alivyofanya. Akizaa, watoto wake atawagawia warina wengine, hasa wanawake wawili wa Inyonga ambao wamemwambia kwamba nao wana mizinga ya marehemu waume zao inayoozea mitini kwa kukosa mtu wa kukaa chini. Wakipata mbwa waliozoea safari, basi lipo, na mlango wa nyuma upo.

Lakini leo kuna jambo la kumaliza kwanza. Abednego amesimama mlangoni na kitabu chake cha tiketi. Anamtazama mbwa mdogo, naye mbwa mdogo anamtazama, utepe mdomoni.

"Huyu analipa shilingi ngapi?" anauliza Theopista.

Abednego anafikiri. Anatazama mbele ya basi, ambako Nyamizi amegeuza shingo kusikiliza. Nyamizi anainua mkono, kama anayesema mimi niko mbali, amueni wenyewe.

"Utamweka kwenye gunia?" anauliza konda.

"Bado mdogo. Nitamshika mapajani."

Abednego anafunga kitabu, anakitia mfuko wa shati.

"Panda, Mama Specioza," anasema. "Mtoto wa kupakata halipi nauli."